Mkopo Mdogo na Kazi: Kutoka Simbi hadi Bukoto

Walimu wa Kiswahili tuna desturi ya kuanza na neno, na hata tunapoingia katika mambo ya fedha hatuoni sababu ya kuiacha desturi hiyo. Kitenzi "kopa" kina historia ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Kamusi za zamani, zile zilizotungwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, zinakipa maana mbili zinazokaa jirani: kuchukua kitu kwa ahadi ya kulipa baadaye, na kumlaghai mtu hata akakiachilia kitu chake. Leo maana ya pili imefifia, lakini shaka iliyokuwa ndani yake haijatoka. Mkopeshaji humtazama mkopaji kwa jicho la pembeni, na mkopaji naye humtazama mkopeshaji vivyo hivyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi shaka hiyo ilivyoshughulikiwa nchini Uganda, hasa mjini Kampala, na kulichungua swali ambalo vijana wanaomaliza masomo hutuuliza kila mwaka: je, mkopo mdogo waweza kumpatia kazi asiye na kazi?

Tumeuchagua mtaa wa Bukoto uwe kituo chetu cha kutazamia. Hatusemi juu ya Bukoto ya Buddu, upande wa Masaka, bali Bukoto ya Kampala, katika tarafa ya Nakawa, iliyopakana na Kamwokya, Ntinda na Kisaasi, chini ya kilima cha Naguru. Ni mtaa ambamo nyumba za wenye uwezo, zilizozungushiwa kuta ndefu, zimekaa hatua chache tu kutoka vibanda vya mabati. Ni mtaa pia ambamo shirika la Pride, mojawapo ya mashirika makubwa ya mikopo midogo nchini, liliweka makao yake makuu, katika majengo yaitwayo Victoria Office Park. Kwa hiyo anayetaka kuona ofisi zinazotoa mkopo na vibanda vinavyouomba, bila kupanda gari, na aende Bukoto.

Tuanze mbali kidogo. Fedha kwa Kiganda huitwa "ensimbi", na mwalimu wa Kiswahili atakuwa amekwisha kulitambua neno hilo, maana simbi ni yale makombe madogo ya baharini, jamaa ya kauri na kete, yaliyopandishwa kutoka pwani na misafara ya wafanya biashara hata yakawa sarafu ya Buganda. Simbi zilikwisha kazi yake zamani, jina likabaki. Kisha ikaja rupia, na Mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda yakaweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba. Kuanzia hapo mtu wa kawaida hakuwa na hiari tena: ilimpasa apate fedha taslimu kila mwaka, ama kwa kulima pamba, ama kwa kuuza nguvu zake mjini. Haja ya kukopa ilizaliwa siku hiyohiyo.

Si kwamba watu walikuwa hawajui kusaidiana. Pwani kulikuwa na upatu, ambao wengine huuita mchezo: kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na jumla hupewa mmoja wao kwa zamu. Buganda kulikuwa na vyama vya "munno mukabi", maana yake rafiki wakati wa shida, ambavyo vilisimamia mazishi na misiba. Baadaye wanawake wa Kampala wakaanzisha "nigiina", ambamo kila mwanachama hutembelewa kwa zamu na kupewa zawadi au fedha na wenzake. Katika vyama hivi vyote hapakuhitajika hati wala wakili. Dhamana ilikuwa uso wa mtu mbele ya wenzake. Tunamwomba msomaji aikumbuke hoja hii, maana mashirika ya baadaye yalijenga juu yake.

Benki zilikuwa na dhamana ya namna nyingine. Mapatano yale ya mwaka 1900 yalizaa ardhi ya mailo, yenye hati, iliyogawiwa machifu na watu wakubwa. Wakulima waliokaa juu yake walibaki na kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima bila hati ya umiliki. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha benki ya mikopo na akiba ya Uganda mwaka 1950, baada ya ghasia za mwaka 1949 zilizotokana kwa sehemu na manung'uniko ya wakulima wa pamba, Mwafrika aliweza kwa mara ya kwanza kufikiria kukopa benki. Lakini aliyekuwa na hati ndiye aliyepita mlangoni. Mwenye kibanja, mpangaji, na karibu wanawake wote walibaki nje. Jirani zetu wa Tanganyika walikuwa na hali ngumu zaidi, kwani katika miaka ya 1920 na 1930 sheria ilizuia kabisa wafanya biashara kumdai Mwafrika deni mahakamani isipokuwa kwa kibali. Ilisemwa ni kumlinda. Matokeo yake yalikuwa kwamba hakuna aliyemkopesha.

Benki ile ya mwaka 1950 iligeuzwa mwaka 1965 kuwa Benki ya Biashara ya Uganda, mali ya serikali, na matawi yake yakaenea nchini. Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, nao wakapewa siku 90. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka, na maduka yao wakagawiwa watu wengi wasiojua bei za mali waliyoikuta rafuni. Miaka hiyo iliwapa Waganda maneno mawili ya Kiswahili ambayo hata leo hawahitaji kufasiriwa. Neno la kwanza ni "magendo". La pili ni "mafuta mingi", jina la wale waliotajirika kwa maduka hayo. Kila mwalimu atataka kusahihisha: mafuta mengi. Na ajizuie, historia imekwisha kulichukua neno kama lilivyosemwa.

Mshahara wa mwezi ukawa hauwezi kulisha nyumba kwa juma moja. Karani akalima nyuma ya ofisi, mke wa mwalimu akauza maandazi na mafuta ya taa kwa vipimo vidogo. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wamekwisha kuiandikia dunia juu ya kazi za namna hii katika taarifa yao ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, wakionyesha kwamba mafundi wa jua kali na wachuuzi ni wafanya kazi kamili, si watu wanaongojea kazi. Nchini Uganda hali hiyo haikuhitaji taarifa. Mwezi Mei mwaka 1987 serikali ilibadili fedha, ikafuta sifuri mbili na kukata asilimia 30 kama kodi ya kubadilisha. Waliokuwa wameweka akiba chini ya godoro waliumia sawasawa na walioiweka benki.

Baadaye, katika miaka ya 1990, ulifuata upunguzaji wa wafanya kazi wa serikali. Walikuwa wapata 320,000 mwaka 1990. Katikati ya muongo huo idadi ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu. Wanajeshi zaidi ya 36,000 nao waliachishwa kati ya mwaka 1992 na 1995. Hawa wote waliambiwa wajitegemee. Wakati uleule benki zilikuwa zikifunga milango: Benki ya Ushirika ilifungwa mwaka 1999, na Benki ya Biashara ya Uganda ikauzwa kwa Stanbic mwanzoni mwa karne hii. Hapa ndipo mtu anapoelewa kwa nini mkopo mdogo ulipokewa Kampala kama mvua ya kwanza. Mahali pa kazi palikuwa pamepungua, na mahali pa kukopa palikuwa pamepungua pia.

Mfano wenyewe ulikuwa umetoka Bangladesh. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake, nao wakalipa. Benki ya Grameen ikasimama mwaka 1983, na Tuzo ya Nobel ya Amani ikafuata mwaka 2006. Hata hivyo tusikubali hadithi kwamba Uganda ilingoja kufundishwa yote. Mwaka 1984, nchi ikiwa vitani, wanawake wa Kampala walianzisha shirika lao la fedha na mikopo kwa wanawake, lile ambalo baada ya miaka 29 lilipata leseni ya benki ya biashara kwa jina la Finance Trust. Kanisa Katoliki nalo liliasisi Benki ya Centenary, iliyoanza kazi mwaka 1985. FINCA ilikuja mwaka 1992 na utaratibu wake wa benki za vijiji, na Pride ikaanza mwaka 1995 kwa msaada wa Norway, ikifuata nyayo za ndugu zake wa Kenya na Tanzania.

Utaratibu wenyewe tuueleze, kwa kuwa vitabu vingi huurukia. Watu wasio na dhamana hujikusanya katika kikundi. Hukutana siku moja katika juma, saa ileile. Kila mmoja huweka akiba ya lazima. Kisha hupewa mkopo mdogo wa kulipwa kidogokidogo, kwa mfano katika majuma 16. Akilipa vema, mkopo unaofuata huwa mkubwa zaidi. Asipolipa, wenzake humlipia. Kwa hiyo shirika lilichukua kile kile kilichokuwa ndani ya munno mukabi na nigiina, yaani uso wa mtu mbele ya wenzake, likakifanya hati. Ni akili kubwa, na ni ukatili kidogo. Katika nigiina, mwenzako akifiwa, zamu yake husogezwa. Katika kikundi cha mkopo siku ya malipo haisogei, na wanawake waliokuwa wakipikiana msibani hujikuta wanabeba sufuria na redio ya mwenzao kufidia deni. Tumewahi kusikia wachuuzi wakisema kwamba deni lilikwisha lakini urafiki haukurudi.

Kuna pia jambo la hesabu, na tunadhani lingefaa kufundishwa shuleni. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 10, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi isiyopungua. Riba ya kila mwezi ni shilingi 30,000; kwa miezi 10 ni 300,000; kila mwezi hulipa 130,000. Asilimia 3 haitishi. Lakini kila mwezi amerudisha 100,000 ya mkopo wenyewe, hivyo mwezi wa mwisho analipa riba ya milioni nzima ilhali mkononi mwake ana laki moja tu. Kwa wastani ameshika shilingi 550,000 kwa muda wote, na 30,000 juu ya 550,000 ni karibu asilimia 5 na nusu kwa mwezi. Mwenye kuuza mihogo ya kukaanga, ambaye mtaji wake huzunguka kila siku, huenda akaimudu riba hiyo. Fundi seremala anayengoja mbao zikauke na mteja alipe baada ya miezi miwili haiwezi. Ndiyo maana mkopo mdogo umezaa wachuuzi wengi kuliko mafundi, na kwa swali letu la ajira hili ni jambo zito, kwa sababu fundi huajiri mwanafunzi, naye mchuuzi mara nyingi hujiajiri mwenyewe tu.

Serikali nayo haikukaa pembeni. Mwaka 1987 Benki ya Biashara ya Uganda ilikuwa imeanzisha mpango wa mikopo kwa wakulima wa vijijini, na katikati ya miaka ya 1990 ukaja mpango ulioitwa "Entandikwa". Neno hili linatoka katika kitenzi cha Kiganda "okutandika", kuanza. Maana yake ni kianzio, au kama tusemavyo, mtaji wa kuanzia. Jina lilikuwa zuri mno. Lilitokea karibu na uchaguzi wa rais wa mwaka 1996, na watu wengi walielewa kwamba kianzio ni zawadi ya aliyeomba kura kwa aliyempa. Nani hurudisha zawadi? Fedha zilizorudi zilikuwa chache. Sisi hatuoni kwamba watu walikuwa wezi. Mkopo hutambulika kwa mambo mengi madogo: nani anautoa, wakati gani, na kama atarudi kuuliza. Entandikwa ilikosa yote matatu. Mwanamke yuleyule aliyekuwa hakosi siku ya malipo kwenye kikundi chake aliweza kuiacha Entandikwa ipotee bila kuona haya, na kwa mantiki yake alikuwa sawa.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya taasisi ndogo za fedha zinazopokea amana. Kabla yake mashirika yaliweza kukopesha, lakini hayakuruhusiwa kuzikopesha akiba za umma. Katika miaka ya 2004 na 2005 mashirika manne yalipata leseni: FINCA, Pride, Uganda Finance Trust na Uganda Microfinance Limited. La mwisho lilinunuliwa na Benki ya Equity ya Kenya mwaka 2008. Wakopeshaji wadogo zaidi, pamoja na wale wa mtu mmoja na daftari lake, waliwekewa sheria yao mwaka 2016.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa muda mrefu jibu lilitolewa kwa hadithi za watu waliofaulu. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti za nchi sita: Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Zilikubaliana kwa kiasi cha kushangaza: mkopo mdogo huwasaidia baadhi ya watu kupanua biashara waliyo nayo na kupanga matumizi yao, lakini hauongezi kipato cha kaya ya kawaida kwa kiasi cha kuibadili hali yake. Nchini India kwenyewe, katika jimbo la Andhra Pradesh, biashara ya mikopo ilikuwa imegeuka maafa mwaka 2010, watu wakiwa na madeni ya mashirika matatu manne kwa wakati mmoja.

Ukitembea Bukoto saa za jioni, sababu zinaonekana bila utafiti. Barabarani pamepangwa majiko ya chapati na mayai, ile "rolex" ya Kampala. Hatua chache mbele kuna jiko jingine, na jingine. Kila mmoja alikopa, kila mmoja anajua kazi yake, na wote wanawagombea wateja walewale washukao kwenye teksi. Mkopo humwongezea muuzaji unga; haumwongezei mnunuzi. Wanunuzi huongezeka pale wanapopatikana watu wenye mishahara, na mishahara hutoka katika viwanda, ujenzi, shule na hospitali, vitu ambavyo havijengwi kwa mkopo wa majuma 16. Vijana wa bodaboda wanaelekea kuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa pikipiki ni chombo na ni dhamana kwa wakati mmoja, na deni likiisha chombo hubaki.

Hata hivyo Uganda imetoa ushahidi wa upande wa pili, na itakuwa dhuluma kuuficha. Mwaka 2008, kaskazini mwa nchi, vikundi vya vijana vilichaguliwa kwa kura vikapewa ruzuku, si mkopo, wapata dola 382 kwa kila kijana, kwa ajili ya kujifunza ufundi na kununua vifaa: vyerehani, misumeno, mashine za kuchomelea vyuma. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao waliokosa. Baada ya miaka tisa pengo la kipato lilikuwa limekwisha, kwani wale waliokosa nao walikuwa wametafuta njia zao. Tunaweza kusema kwamba ruzuku iliwaharakishia safari, na miaka minne au mitano ya ujana wenye kazi si kitu kidogo kwa yeyote aliyeipitisha bila kazi.

Ushahidi mwingine ni wa Kampala yenyewe. Utafiti uliofanywa kwa wanawake wapatao 3,000, wakopaji wa shirika la BRAC lililoingia Uganda mwaka 2006, uliwagawa katika makundi: wengine walipewa mkopo taslimu kama kawaida, wengine wakawekewa katika akaunti ya simu iliyotengwa kwa biashara. Baada ya miezi minane waliopewa kwa simu walikuwa na faida iliyozidi kwa asilimia 15 na mtaji uliozidi kwa asilimia 11. Kiasi cha mkopo kilikuwa sawa. Kilichobadilika ni kwamba fedha haikuonekana. Noti mkononi huitwa na mume, na shemeji, na ada ya mtoto wa dada. Fedha ya simu, iliyoanza nchini mwaka 2009, ilimpa mwanamke njia ya kusema "sina" bila ugomvi. Hakuna mtaalamu wa benki aliyekuwa ameandika jambo hilo katika mpango wake.

Mpango mpya wa serikali ni ule wa maendeleo ya muluka, uliozinduliwa Februari mwaka 2022 huko Kibuku. Kila muluka umepangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kila kaya inayochaguliwa hukopeshwa milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, riba ambayo hakuna shirika la mikopo linaloweza kuifikia. Bukoto imegawanyika katika miluka miwili, Bukoto ya Kwanza na Bukoto ya Pili. Mpango ulibuniwa ukiwa na mkulima machoni, na katika mtaa usio na shamba mwenye kuomba hufikiria kuku wa nyuma ya nyumba, au uyoga katika chumba cha giza. Swali linaloulizwa uani ni lilelile la wakati wa Entandikwa: hizi zitarudishwa? Na hesabu yake ni fupi. Milioni 100 zikigawanywa milioni moja moja zinatosha kaya 100. Wengine wote wa muluka huo, mwaka huo, watakwenda kwenye kikundi cha siku ya malipo, kwa mwenye daftari, au kwenye nigiina.